Hoteli ya kifahari juu ya Ziwa Bunyonyi

Swali: Mheshimiwa Mhariri, familia yetu ina shamba la mteremko juu ya Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, nasi twataka kujenga hoteli ya kifahari isiyoharibu mazingira na yenye sura ya utamaduni. Tuanzie wapi? Msomaji, Kabale.

Jibu: Ndugu msomaji, anzeni na maji ya mvua kabla ya mapambo, kwa kuwa matuta yakivunjwa, udongo huporomokea ziwani; kwa hiyo jengeni nyumba ndogo juu ya nguzo, zikifuata matuta yaliyopo. Kitambaa cha gome la mutuba, mti unaochunwa bila kukatwa na gome likaota tena, hupendeza ukutani, ingawa hiyo ni sanaa ya Buganda, ufalme wa katikati ya Uganda, si ya kwenu Kabale. Mimi ningetanguliza vikapu vya wasusi wenu. Paa la nyasi lahitaji tahadhari: jumba kuu la nyasi la Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, liliteketea mwaka 2010.