Ukichora ramani ya nchi ya kubuni, anza na upepo

Wengi wanaoanza kuandika hadithi za kifantasia huchora kwanza mji mkuu na ngome ya adui, kisha milima na mito hutupiwa panapobaki nafasi. Mimi nashauri uanze upande wa pili. Siweki mji wowote kwenye karatasi kabla sijajua upepo unatoka wapi na maji yanateremkia wapi.

Chukua Kilwa Kisiwani. Majahazi ya Uarabuni na India yalishuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hivi, yakarudi na kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanzia Aprili. Kufika Kilwa na kurudi kwao ndani ya mwaka huohuo kuliwezekana. Kuendelea kusini hadi Sofala, bandari ya dhahabu iliyotoka bara, kulikuwa kujitia hatarini kukosa upepo wa kurudia. Basi wafanyabiashara wakakutania Kilwa, nayo ikatajirika kwa dhahabu isiyochimbwa kwake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika mwaka 1331 aliusifu mji ule kwa uzuri wake. Sasa jiulize kuhusu nchi yako: kusi ikichelewa, nani atakwama bandarini? Ataoa wapi, atajifunza lugha ya nani, deni lake atalilipa vipi? Hapo una sura tatu za kitabu, na bado hujamtaja mfalme.

Milima nayo igawe mvua. Kule Kilimanjaro, pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi humwaga mvua yake zaidi upande wa kusini, ndiyo maana Marangu kuna migomba na kahawa, ilhali ukizunguka hadi Amboseli unakuta vumbi na nyasi kavu. Ukiwaweka wakulima upande mmoja na wafugaji upande wa pili, watabadilishana ndizi na maziwa, na mwaka wa ukame watagombania maji. Huna haja ya kuwabunia uadui wa kale.

Kuhusu mito nitasema kwa ufupi: huungana ikishuka, na kwa kawaida hugawanyika karibu na bahari, kama Rufiji inavyofanya kwenye delta yake. Ziwa Victoria hupokea Kagera, Mara, Nzoia na mingine mingi, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Ziwa lenye mito miwili inayotoka kwenda bahari mbili tofauti litamkwaza msomaji wa Mwanza mara moja.

Ninayoyapenda zaidi ni maziwa yasiyo na pa kutokea. Natron na Magadi, ndani ya Bonde la Ufa, hupoteza maji kwa jua tu, na kinachobaki ni magadi. Ndege aina ya heroe (flamingo) huzaliana Natron kwa maelfu mengi. Binadamu mwenye kiu anaweza kufa akiyatazama maji. Weka ziwa la namna hiyo katikati ya safari ya shujaa wako, na uwape kabila moja haki ya kuuza magadi yake.

Ukitaka kuvunja kanuni hizi, vunja. Mto wako ukipanda mlima, onyesha ni jini gani anayeusukuma, wanaoishi kileleni wanamlipa nini, na mashamba ya bondeni yanapata wapi maji.