Mnaniuliza kwa nini nisibaki Bulaya

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu kutoka Bukavu, Kongo, niko Liège, Ubelgiji, kwa Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na ninafanya staji, yaani mazoezi ya kufundisha. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoichukua Bukavu, maswali yenu yamebadilika. Mwanzoni mlitaka picha za theluji, na kujua kama watoto wa Wazungu wanamsikiliza mwalimu Mweusi. (Wanamsikiliza, na wanapiga kelele vilevile.) Sasa swali limebaki moja, kuanzia kwa baba mdogo wa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, hadi kwa wenzangu wa promosheni, tunaosoma mwaka mmoja chuoni: "Staji yako inaisha, Bukavu imechukuliwa, si ubaki hukohuko ufundishe? Tunasikia Ubelgiji imekosa walimu." Nawajibu wote kwa pamoja, maana kumjibu kila mtu peke yake kunanimalizia megabaiti.

Walimu wamekosekana kweli. Hapa Liège, shuleni ninapofanyia staji, mwalimu akiugua wiki mbili tatu wanafunzi wake wanakaa chumba cha kujisomea, kwa sababu wa kumshikia nafasi hapatikani. Ila kuingia kazini ni kwa karatasi. Tangu Septemba 2016 Ubelgiji wa Kifaransa umepanga vyeti kwa ngazi: kuna kinachotakiwa, kuna kinachotosha, na kuna cha uhaba, ambacho mwenye nacho anaitwa wale wa juu wakikosekana. Diploma ya kutoka kwetu lazima kwanza ipitie ekivalansi, ipimwe ina thamani gani huku. Na mimi hiyo diploma yenyewe bado sina. Mwanafunzi wa mabadilishano anabaki mali ya chuo chake: huku hawanitozi ada, lakini minervali, yaani ada, ya Bukavu nimelipa, na alama zangu zinarudi Bukavu. Mabadilishano yakiisha, kadi yangu ya ukaazi nayo inaisha. Mtu asiye na karatasi hapa anaweza kusafisha vyombo kwa kujificha. Kufundisha hesabu kwa kujificha haiwezekani.

"Lakini si unafundisha tayari?" Hapana, mimi ni stajiere. Ninasimama mbele, mwenye darasa anakaa nyuma na daftari lake. Na hapa ndipo nataka niwaeleze vizuri, kwa sababu ndiyo faida pekee niliyoipata ambayo hainunuliwi dukani.

Mnakumbuka staji zetu za Bukavu: msimamizi anafika siku moja, anakaa dakika thelathini, anaangalia kama tarehe imeandikwa ubaoni na kama suruali imepigwa pasi, anaweka alama, anaondoka. Huku mwenye darasa yupo kila siku, na baada ya kila somo tunakaa. Nilikuwa nafundisha desimali kwa watoto wa mwaka wa kwanza wa sekondari. Mmoja akaandika kwamba 0,35 ni kubwa kuliko 0,5. Nikamwambia si hivyo, nikaandika jibu, tukaendelea. Baadaye yule mama mwenye darasa hakuniambia nimefanya vibaya wala vizuri. Aliniuliza tu: "Mtoto huyo alifikiri nini?" Alifikiri 35 inazidi 5, basi. Na nusu ya darasa walifikiri hivyohivyo, wakanyamaza. Siku iliyofuata tulianzia kwenye hilo kosa, likabaki ubaoni saa nzima, kila mtu akilibishia. Kwetu kosa linafutwa haraka kama aibu. Mimi nitaliacha ubaoni hata Bukavu, na halidai projekta wala umeme.

Mengine siwaletei. Darasa langu hapa lina watoto 22. Wanagawanywa makundi, kila kundi na kazi yake, mwalimu anazunguka. Ni vizuri sana kwa 22. Nimechoka na wataalamu wanaorudi toka Bulaya kutuhubiria makundi huku wakijua darasa la Kadutu lina watoto 70, wanne kwa benchi, na hakuna njia ya kuzungukia. Waanze kwa kujenga madarasa, makundi yatajipanga yenyewe.

Kuhusu pesa, kwa kuwa najua ndilo swali lililofichwa ndani ya mengine. Posho ya Erasmus kwa anayetoka nchi zetu ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi anayopokelewa. Kwa Bukavu hiyo ni harusi. Kwa hapa, chumba changu cha mwanafunzi, chenye jiko la kushirikiana na watu sita, kinakula karibu nusu yake, bado kula, simu, koti la baridi. Staji hailipwi hata senti. Sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa 20 kwa wiki, lakini anayefundisha mchana na kuandaa masomo hadi usiku wa manane atazitoa wapi? Benki za Bukavu zilipofungwa mliniandikia, nikatuma kwa simu nilichokuwa nacho. Mwezi ule nilikula tambi. Siwadai, ila yule aliyesema kwamba nimekuwa bahili ajue hivyo.

Na msidhani walimu wa huku wanacheka. Tarehe 31 Machi 2025 nchi nzima iligoma, na walimu walikuwa barabarani kwa ajili ya pensheni. Mshahara wao, hata hivyo, unafika kila mwezi. Wetu waligoma Septemba 2024 wakidai dola 500, na mimi nikirudi nitaanza kama mwalimu wa NU, asiye kwenye orodha ya mshahara wa serikali, anayengoja primu, yaani mchango wa kumlipa mwalimu, kutoka kwa wazazi ambao wenyewe hawana. Hilo nalijua. Msinieleze.

Basi nitarudi? Shule hapa inafunga tarehe 4 Julai 2025. Mpango wangu ni Kigali, halafu gari hadi Rusizi, upande wa Rwanda, nivuke daraja la mpakani, kwa sababu Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, haina ndege. Naogopa, na sitaki mtu aniite shujaa. Nafanya hesabu tu: bila diploma mimi si kitu Liège wala Bukavu, na kazi yangu ya kumalizia masomo inatetewa Bukavu. Nikiwa nayo mkononi naweza kuomba ekivalansi, au masta, kwa mlango wa mbele. Chuo kisipofungua mwaka ujao, nitaangalia upya, na hiyo itakuwa dosie (faili la maombi) nyingine kabisa, ya kutafuta nafasi na mtu wa kunidhamini.

Mdogo wangu wa Panzi, wewe uliyeniuliza kuhusu yule bwana anayechukua dola 150 "kufungua dosie ya Erasmus": dosie ya Erasmus haifunguliwi kwa pesa. Chuo chako ndicho kinachochagua wanafunzi, kama kina mkataba na chuo cha huku, na kuomba ni bure. Nenda kwenye ofisi ya chuo, uliza mkataba upo na nani. Hizo dola weka kwa pasipoti na tiketi ya Kinshasa, maana viza ya Ubelgiji nilienda kuiombea huko, na alama za vidole wanazitaka kwenye vidole vyako mwenyewe.