Corvette C5 inayokwaruza chini kwa mbele

Ndugu, umeuliza kama uukate ule mkanda mweusi ulio chini ya bampa la mbele la Corvette yako ya mwaka 2002 (C5, yaani kizazi cha tano cha gari hilo la michezo), kwa kuwa unakwaruza kila unapotoka kwenye maegesho. Nakushauri usiukate. Gari hilo huvuta hewa ya kupoza rejeta kutoka chini ya bampa, na mkanda huo ndio unaoielekeza juu; ukiuondoa, mshale wa joto unaweza kupanda ukiwa mwendo kasi barabara kuu, hata kama mjini hukuona tofauti yoyote. Umetengenezwa laini ili ujikunje unapogusa lami, na ukichakaa hubadilishwa.

Unachopaswa kukihofia ni mkwaruzo mgumu wa bampa lenyewe. Penye mwinuko ingia kwa mshazari, gurudumu moja likitangulia, na usikanyage breki ukiwa ukingoni, maana breki huinamisha pua. Kizuizi cha zege maegeshoni usikikaribie kabisa: bampa hupita juu yake bila shida, kisha hunaswa na kung'oka unaporudi nyuma.

Kagua pia boliti za kurekebishia urefu kwenye springi ya mbele, kwani wamiliki wengi huzitumia kulishusha gari. Ukizirudisha kwenye urefu wa awali, fanya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) upya.