Mliopangiwa vyuo vya Mbeya na Iringa: jina la chuo lina uzito gani kazini?

Wadogo zangu mnaoanza MUST, TEKU, RUCU, Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa, najua wengine mmeripoti na kinyongo kwa sababu mlitaka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. (Wa Mkwawa, chuo chenu ni kishiriki cha hicho hicho cha Dar es Salaam tangu 2005.) Mimi napokea wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo) na kuchambua maombi ya kazi hapa Iringa, na nawaeleza ninayoyaona.

Jina lina uzito, sitawaficha. Mwajiri binafsi mwenye lundo la maombi huanza na chuo anachokijua, mara nyingi kile alichosoma mwenyewe. Serikalini mambo ni mengine: tangazo la Sekretarieti ya Ajira hutaka shahada ya chuo kinachotambuliwa, kisha unaingia usaili wa mchujo pamoja na wenzako wa kila chuo. Anayetaka uwakili atapitia Law School, mhasibu atafanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, mhandisi atasajiliwa na bodi yake. Huko hakuna njia ya mkato kwa jina.

Kinachonigusa zaidi ni fildi. Nyanda za Juu Kusini watu wanafahamiana. Msimamizi wa Mafinga atampigia mwenzake wa Mbozi kumuulizia kijana. Mwanafunzi akisaini daftari asubuhi na kutoweka saa nne, mwakani barua kutoka chuo chake husomwa kwa shingo upande, na anayeumia ni mdogo wenu asiye na kosa. Tuliwahi kupokea binti kutoka chuo ambacho ofisini hakikuthaminiwa hata kidogo. Alipewa kazi ya stoo, akalinganisha leja na mali iliyopo rafuni, akaonyesha palipopishana, na akauliza bila kuona aibu. Tangu hapo bosi huulizia wengine kutoka kule.

Kwa hiyo tafuteni nafasi ya fildi mapema, msisubiri wiki ya mwisho ya mitihani. Chagueni mahali penye kazi halisi kuliko ofisi yenye jina. Jazeni logibuku, daftari la kazi zenu za fildi, kila jioni, mkiandika mlichokifanya kwa mikono yenu. Na kabla ya kuondoka, muombeni msimamizi ruhusa ya kumwandika kama mdhamini kwenye CV, kisha mchukue namba yake ya simu.