Kutoka Grise Fiord hadi Resolute: usipange safari kwa rula ya ramani

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyepata kazi ya mkataba Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, aliniandikia akiuliza kama siku moja itamtosha kutoka kijiji cha Grise Fiord hadi Ottawa kuwahi ndege ya kwenda nyumbani. Amepima kwenye ramani akaona hadi Resolute, anakobadilisha ndege, ni kilomita 380 hivi, pungufu kidogo ya Dar es Salaam hadi Dodoma kwa anga. Hesabu yake ni sahihi, na ndiyo hiyo hiyo iliyoniponza mimi.

Njia hiyo hurukwa na Twin Otter, ndege ndogo ya propela mbili ambayo baadhi yenu mmeipanda kwenda Maasai Mara. Hukata takriban kilomita 280 kwa saa, hivyo safari ni kama saa moja na nusu. Saa ya Grise Fiord nayo iko mbele ya ile ya Resolute kwa saa moja, kwa hiyo anayesoma tiketi bila kulijua hilo ataona kwenda kunachukua nusu saa, na kurudi saa mbili na nusu!

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto huko Grise Fiord. Nilipanga kuondoka Jumanne, harusi ya mdogo wangu ikiwa Jumamosi Ottawa. Siku hiyo nilisimama mlangoni na koti na begi, ndege ikisikika ikinguruma juu ya ukungu. Mama wa Kiinuiti (wenyeji wa asili wa kaskazini hiyo) aliyenikaribisha kwake hakuinua hata macho. Aliendelea kushona kiatu cha ngozi ya sili. Mngurumo ulizunguka mara mbili, kisha ukafifia. "Imerudi Resolute," alisema, akanisogezea chai.

Uwanja wa pale ni njia fupi ya changarawe iliyobanwa na milima na bahari, na rubani asipouona hatui. Barabara ya kwenda mji mwingine haipo. Ukungu ulikaa hadi Ijumaa, nami harusi nikaiona kwenye picha. Shemeji bado hunitania, na bado sicheki.

Wazee wa pale waliletwa na serikali kwa meli mwaka 1953, wakaahidiwa kurudishwa baada ya miaka miwili wakitaka. Ahadi haikutimizwa, na Kanada iliomba radhi mwaka 2010 tu. Siku nne za ukungu zingemshtuaje yule mama?

Ninyi vijana mnaohesabu mshahara kabla ya siku, acheni nafasi. Nunueni tiketi inayobadilishika. Dawa na nguo nzito zikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu ndege ikizidi uzito mizigo hubaki nyuma. Tena nasema, acheni nafasi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama ndege ya nyumbani ni tarehe 20, toka Grise Fiord kwa ndege ya kabla ya tarehe 14, na mama yako mwambie unafika mwezi huu.