Kabla Hujalipa Ada ya Ufundi, Ingia Karakana

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na mtoto akakosa nafasi ya kidato cha tano, nyumba nyingi husema, "Basi aende veta." Husemwa kwa sauti ya kukata tamaa, kisha fomu hujazwa harakaharaka na fani huchaguliwa kwa kufuata walipo marafiki. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Ufundi unataka kuchaguliwa kwa makini kuliko tahasusi ya kidato cha tano, maana chuo kibaya cha ufundi humwachia kijana karatasi ambayo fundi yeyote mwenye gereji ataibaini ndani ya nusu saa kuwa haina ujuzi nyuma yake.

Sheria ya mafunzo ya ufundi haikuwekwa kwa ajili ya walioshindwa. Tanganyika ilikuwa na sheria ya uanagenzi tangu mwaka 1940, iliyosimamia vijana waliojifunza kazi kwa waajiri. Mwaka 1974 ikaja Sheria ya Mafunzo ya Ufundi, na mafunzo yakawekwa chini ya idara ya serikali iliyoshughulika na kazi. Halafu mwaka 1994 ikatungwa Sheria Namba 1, iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ikawaingiza waajiri katika uamuzi na katika kulipia. Zanzibar wana mamlaka yao, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, chini ya sheria ya mwaka 2006. Neno "amali", yaani ufundi wa kazi, sasa limevuka bahari: kuanzia mwaka 2024 baadhi ya sekondari za Bara zilianza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, wanaosoma fani tangu kidato cha kwanza.

Malipo ya waajiri ni ile tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo wahasibu huiita SDL. Hukokotolewa kwa asilimia ya jumla ya mishahara, na mwajiri huitoa mfukoni mwake. Si kama kodi ya mshahara au mchango wa NSSF, ambavyo mfanyakazi naye hukatwa. Ukikuta SDL imeandikwa kwenye makato ya hati yako ya mshahara, nenda kwa mhasibu uulize, maana haikupasa kuwepo pale.

Badiliko kubwa zaidi lililofuata ni la kupima umahiri. Mwanafunzi hahesabiwi kuwa fundi kwa sababu amekaa darasani miezi kadhaa. Hupimwa kwa kazi aliyoifanya ikaonekana. Ukilielewa hili, utajua cha kutazama siku ya kutembelea chuo: karakana.

Nenda siku ya masomo, katikati ya wiki, asubuhi. Usikubali kuonyeshwa karakana iliyofungwa au iliyopangwa kwa ajili ya wageni. Hesabu wanafunzi, kisha hesabu mashine zinazofanya kazi. Kwenye uchomeleaji, wanafunzi 30 na mashine mbili maana yake mtoto wako atashika holda, yaani kishikio cha kuchomelea, dakika chache kwa siku, na mkono wa mchomeleaji haujengeki hivyo. Tazama pipa la vipande: penye mafunzo ya kweli pana mabaki mengi ya vyuma vilivyochomwa vibaya, na vipisi vya elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea, chini. Karakana safi mno haitumiki. Uliza vifaa vya mazoezi, yaani elektrodi, mbao, waya, vitambaa, vinanunuliwa na chuo au na mwanafunzi. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, lakini ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya mkononi na nauli ya mafunzo ya kazini havimo humo. Wengi huachia njiani kwa sababu ya hivyo, wala si kwa sababu ya ada.

Mwalimu naye aulizwe alikosomea ualimu. Fundi hodari si lazima awe mwalimu hodari, na ndiyo maana kipo chuo cha Morogoro kinachofundisha walimu wa ufundi stadi. Mwisho, uliza namba ya usajili wa chuo na wa fani unayoitaka. Kuna vyuo vilivyosajiliwa kwa fani mbili na vinatangaza sita, na mwanafunzi wa fani isiyosajiliwa hujua siku ya mtihani wa taifa. Usajili huo sasa unasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na unaweza kuuhakiki kwao kabla ya kulipa hata senti.

Ili uone "kupima umahiri" ni nini hasa, chukua zoezi la kawaida la fani ya umeme wa majumbani: taa moja ya ngazini inayowashwa na kuzimwa na swichi mbili, chini na juu. Mwanafunzi hupewa ubao, swichi mbili za njia mbili, kishikio cha taa, na waya wa milimita za mraba 1.5 (wa soketi huwa 2.5). Waya wa moto huingia komoni, yaani tundu la pamoja, ya swichi ya kwanza. Waya mbili huziunganisha swichi hizo kwenye matundu yaliyobaki, L1 kwa L1 na L2 kwa L2. Komoni ya swichi ya pili ndiyo hutoka kwenda kwenye taa, na nyutro huenda kwenye taa moja kwa moja bila kupita swichi yoyote. Kosa linalowaangusha wengi ni kukatisha nyutro badala ya moto. Taa itawaka, itazimika, na mwanafunzi atatabasamu. Lakini swichi ikiwa imezimwa, kishikio bado kina moto, na atakayepanda kubadilisha balbu atapigwa shoti akiamini yuko salama. Mtahini mzuri haridhiki na taa kuwaka. Anaizima, kisha anaweka testa kwenye kishikio.

Kosa la pili ni kuwasha umeme kabla ya kupima. Kwanza hupimwa mwendelezo wa waya, kwamba haukukatika popote, ukiwemo wa ethi, halafu insulesheni, yaani ganda la kuzuia umeme kuvuja, kwa kipimo kiitwacho mega cha volti 500, ambapo kipimo kisipungue megaohm 1. Aliyefundishwa kwa kuangalia tu hajui hatua hii ni ya nini, na nyumba anazozifunga ndizo zinazoungua.

Fundi wa mtaani uliyejifunza kwa kumsaidia fundi miaka saba, nawe sheria haikukusahau. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, maarufu kama urasimishaji. Anzia kwenye chuo cha VETA kilicho karibu. Utajaza fomu ya uzoefu wako, utahojiwa, kisha utapimwa ukifanya kazi yenyewe. Pakionekana pengo, utapewa mafunzo mafupi ya kulijaza, kisha cheti. Kusanya ushahidi mapema: picha za kazi zikiwa katikati, si zilizokamilika tu, barua ya uliyemfanyia kazi, na barua ya serikali ya mtaa. Mafundi wengi hawashindwi kwenye mikono. Hukwama kwenye "kwa nini": kwa nini ethi, kwa nini zege limwagiliwe maji siku saba, kwa nini boliti za silinda hedi hukazwa kwa mpangilio kuanzia katikati. Jizoeze kuyasema haya kwa mdomo, hata kwa kumweleza saidia fundi wako kila mnapofanya kazi.

Kuhusu vyeti, jambo moja huwachanganya hata waajiri. Majaribio ya zamani ya ufundi yalikuwa na Daraja la III likiwa la chini na la I likiwa la juu. Tuzo za sasa, yaani vyeti vya taifa vya ufundi stadi viitwavyo NVA, zimegeuzwa: NVA I ndiyo ya kuanzia na NVA III ndiyo ya juu. Mwenye NVA III amewahi kuwekwa chini ya mwenye NVA I kwa sababu ofisa aliyepokea maombi alizoea madaraja ya zamani. Kwa hiyo kwenye barua ya maombi usiandike "Level III" ukaishia hapo. Andika "NVA III, ngazi ya juu ya ufundi stadi." Ukitaka kuendelea hadi stashahada, hiyo NVA III ni mlango, ila vyuo vingi huitaka pamoja na cheti cha kidato cha nne, basi usikitupe hata kama alama zake zinakusikitisha.

Na siku ya kuchukua cheti, kabla hujasaini daftari, kisome pale pale dirishani. Linganisha majina matatu, herufi kwa herufi, na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, kisha jina la fani na ngazi. Likikosewa, kirudishe hapo hapo kisahihishwe. Ukishasaini ukaondoka nacho, "Rashid" na "Rashidi" vitakuweka kwa wakili ukila kiapo, siku ambayo mwajiri anakutaka kazini.