Hukumu ya wahakiki na tarehe yake

Ndugu, umeuliza kama albamu iliyopondwa na wahakiki inafaa kununuliwa. Mimi ningeangalia kwanza hukumu hiyo ilitolewa lini. Be Here Now, albamu ya Oasis, bendi ya Uingereza, iliyotoka Agosti 1997 na kuuza nakala zaidi ya 400,000 nchini Uingereza siku ya kwanza pekee, ilisifiwa mno na magazeti ambayo, nadhani, yaliona haya kwa kuipokea kwa ubaridi albamu iliyotangulia. Baadaye sifa zikageuka lawama kwamba nyimbo ni ndefu kupita kiasi (wa kwanza unazidi dakika saba) na magitaa yamerundikwa bila kipimo, na hata Noel Gallagher aliyezitunga ameikosoa hadharani. Pinkerton ya Weezer, bendi ya Marekani, ilikwenda kinyume: wasomaji wa jarida la muziki la Rolling Stone waliihesabu miongoni mwa albamu mbaya kabisa za 1996, ilhali mwaka 2004 jarida hilohilo liliipa nyota tano. Hapa Kampala, ambako wengi wetu tulizijua bendi hizi kwa wimbo mmoja mmoja wa redioni, kelele hizo hazikutufikia, na hiyo ni nafuu. Nunua ya Weezer. Ya Oasis iazime kwanza kwa rafiki.